Komiti moja yenye mafaili 214

Mhasibu wa mteja anayetumia programu yetu ya ankara hakuandika mengi. Alituma picha mbili za skrini. Ya kwanza ilikuwa ankara yenye tarehe 31. Ya pili ilikuwa barua pepe iliyoileta ankara hiyohiyo, na yenyewe ilionyesha kwamba imefika tarehe 1, saa saba na dakika ishirini usiku. Chini yake aliuliza: "Jamani, hii niiweke mwezi gani?"

Kwa mtu wa kawaida ni tofauti ya siku moja. Kwa mhasibu, siku moja inayovuka mwezi ni balaa: hesabu za mwezi uliopita zimeshafungwa, halafu inatokea ankara mpya inayodai kuwa ya humo. Na haikuwa moja. Tulipotafuta tulikuta 19 zilizovuka mwezi, na nyingine nyingi zilizokosea siku moja katikati ya mwezi bila mtu kushtuka.

Hitilafu yenyewe ilikuwa ya mistari minne. Ilitengenezwa ndani ya tawi (nakala ya programu inayoendelezwa pembeni) lililodumu siku 41, ikakaa laivu, mikononi mwa wateja, siku 24 kabla ya kuonekana, na ilipatikana kwa dakika zisizozidi 40 tulipojua pa kuitafutia. Nimekipanga kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kila chombo tulichokuwa nacho kilikuwa kimeshatuambia ukweli, tena mapema. Nilikuwamo tangu mwanzo, na kipande kibaya kuliko vyote nilikiandika mimi.

Timu iliyoonekana kufanya vizuri

Tulikuwa watu sita. Sprinti (vipindi vya kazi) za wiki mbili, kikao cha asubuhi cha dakika 15, ubao wa kadi za kazi, pointi za kukadiria ukubwa wa kila kadi, chati ya pointi ukutani. Sprinti nne mfululizo chati ilipanda: 23, 31, 38, 44. Aliyetutazama kutoka mlangoni angesema hawa agile, ule mtindo wa kutengeneza programu kwa hatua fupifupi, wameishika barabara.

Kazi tuliyopewa mimi na mwenzangu ilikuwa kuisafisha moduli ya ankara, yaani sehemu ya programu inayotengeneza ankara. Ilikuwa kodi (maandishi ya programu) ya siku nyingi, kila mtu aliigusa kwa woga, na kila kipengele kipya kilichopita humo kilichukua muda mara mbili. Mwandika programu Ward Cunningham aliyelitumia neno deni kuelezea hali hii mwaka 1992 alikuwa akiizungumzia programu ya mambo ya fedha, kwa hiyo lugha ya riba ilimjia kirahisi: kukopa si dhambi, hatari ni kuchelewa kulipa. Sisi tulikuwa tumechelewa. Kulipa lilikuwa wazo sahihi, na hadi leo silijutii. Tulikosea namna ya kulipa: tuliamua kulipa lote kwa mkupuo, pembeni, kwenye tawi letu wenyewe.

Mpango wa matawi tulioutumia ulitoka kwenye mchoro maarufu wa mwandika programu Vincent Driessen wa Januari 2010: tawi kuu, tawi la maendeleo, matawi ya vipengele, matawi ya matoleo. Tulikuwa tumeuchapa na kuubandika ukutani. Mwaka 2020 Driessen mwenyewe aliongeza maelezo juu ya makala yake, akishauri timu zinazopandisha programu mfululizo zitafute utaratibu mwepesi zaidi. Sisi tulikuwa tukipandisha karibu kila siku. Mchoro ulibaki ukutani, ila yale maelezo ya nyongeza hakuna aliyeyachapa.

Basi kila asubuhi kwenye kikao nilisema: "Jana niliendelea na moduli ya ankara, leo naendelea na moduli ya ankara, sina kikwazo." Niliisema sentensi hiyo mara nyingi mpaka nikaweza kuitamka huku nikisoma kitu kingine kwenye simu. Hakuna aliyedanganywa. Kila neno lilikuwa kweli. Maswali yale matatu (jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakuzuia) yalishaondolewa kwenye mwongozo wa Skramu (utaratibu wa agile unaotumia sprinti) katika toleo la 2020, lakini mazoea ni sheria kuliko mwongozo, na maswali hayo yana tabia moja mbaya: yanamhoji mtu, kazi yenyewe haiulizwi kitu. Kama swali lingekuwa "kadi hii imefika wapi?", jibu lingekuwa "haijafika popote" kwa siku 41.

Kwenye ubao kadi hiyo ilikuwa na pointi 24, kubwa mno kwa sprinti moja. Tukaikata vipande vitatu: ankara sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mwisho wa sprinti kipande kimoja kilisogezwa kwenye safu ya "imekwisha" na pointi zake zikahesabiwa. Hakuna hata mstari mmoja wa sehemu ya kwanza uliokuwa umefika kwa mteja. Kile chati ilichokuwa inapima kwa furaha ni mafaili yaliyokuwa kwenye laptopu mbili.

Usiku mmoja

Zilikuwa zimebaki siku tatu sprinti iishe. Nilisukuma kodi saa sita na nusu usiku, nikasubiri. Testi zetu zote (programu ndogo zinazoipima programu kuu) kwa pamoja zilichukua dakika 47, ndiyo maana hakuna aliyeziendesha kwenye mashine yake. Tulizisukuma kwa seva ya majaribio na kwenda kufanya mengine. Usiku ule seva ilirudisha rangi nyekundu. Testi moja kati ya maelfu: ile inayohakikisha kwamba tarehe ya ankara ni tarehe ya leo kule aliko mteja.

Nikaiendesha tena, nikalala. Asubuhi nikaikuta kijani. Usiku uliofuata ikawa nyekundu tena, asubuhi kijani. Kwa mtu aliyechoka, testi ya namna hiyo ina jina: haitabiriki. Zipo kweli testi za hivyo, zinazofeli kwa sababu ya mtandao au kwa kutegemea mpangilio wa kuendeshwa, na ukiishi nazo muda mrefu unajifunza kuzipuuza zote kwa pamoja. Nikaiwekea alama ya kurukwa, nikahifadhi komiti (mabadiliko yanayohifadhiwa pamoja chini ya ujumbe mmoja) yenye ujumbe huu: "ruka testi ya tarehe, inafeli usiku tu".

Soma tena maneno matatu ya mwisho. Ule ulikuwa ugonjwa wenyewe, umeandikwa kwa kalamu yangu, tena umeandikwa vizuri. Seva inasoma saa za UTC, saa za marejeo za kimataifa. Mteja wa kwenye testi amewekwa saa tatu mbele ya UTC. Kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kwake, mteja yuko kwenye siku mpya na seva bado iko jana. Testi ilikuwa ikifeli ndani ya dirisha hilo la saa tatu na kupita saa 21 zilizobaki. Ilikuwa inatabirika kuliko sisi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi hata kuficha sikuficha: niliyaandika kwenye karatasi, nikaikunja karatasi.

Siku ya 41 tukafungua ombi la kuunganisha tawi letu na tawi kuu. Mafaili 214. Mkaguzi alikaa nalo dakika 20 hivi, akaandika: "Safi, endelea." Simlaumu. Hakuna binadamu anayekagua mafaili 214. Anachokagua ni uaminifu wa aliyeyaleta. Kisha tukabonyeza kitufe cha kubana komiti zote ziwe moja, kwa sababu historia ya tawi kuu hupendeza zaidi hivyo. Komiti 63 zikawa moja. Ujumbe wangu wa usiku ule ukapotelea humo.

Kutafuta

Bisect ni amri ninayoipenda kuliko zote kwenye Git, programu inayotunza historia ya kodi. Unaionyesha komiti moja uliyo na hakika kwamba ilikuwa nzima, na moja mbovu, nayo inakupeleka katikati: hapa je? Ukijibu, inatupa nusu na kuuliza tena. Kwa kuwa kila jibu linakata nusu, komiti elfu moja huisha kwa maswali kama kumi tu. Linus Torvalds aliianza Git Aprili 2005 kwa ajili ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, mradi wenye mikono mingi mno mtu mmoja kukumbuka nani alivunja nini, na ukiitumia bisect unauhisi msongamano huo.

Sisi tulikuwa na komiti 90 kati ya toleo zima na lile bovu. Tukaandika skripti fupi inayoiamsha ile testi moja na kuisogeza saa ya mashine hadi saa nne na nusu usiku za UTC. Saba tu. Maswali saba, kila moja likijibiwa na skripti yenyewe, na bisect ikatupa jibu: komiti yetu. Mafaili 214.

Nilicheka, kicheko kisicho na furaha. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake yote bila kosa. Iliulizwa "ni komiti ipi?" ikajibu komiti. Kama sisi tulikuwa tumeamua kwamba komiti ni kazi ya siku 41, hilo halikuwa tatizo lake.

Mwenzangu ndiye aliyeuliza: "Kaka, zile 63 hatuna kweli?"

Tawi lilishafutwa kwenye seva na kwenye laptopu zote mbili. Lakini Git ina daftari lake la ndani, reflog, linaloandika kila komiti uliyowahi kusimama juu yake kwenye mashine hiyo. Maingizo ya komiti ambazo hakuna tawi linalozifikia hutunzwa siku 30 kwa mpangilio wa kawaida. Baada ya hapo usafishaji unaruhusiwa kuzifagia. Tulikuwa siku ya 24. Mteja angefunga hesabu zake wiki moja baadaye, sehemu hii ya kisa isingeandikika.

Tukaitafuta komiti ya mwisho ya tawi lililokufa, tukalipa jina jipya, tukaanzisha bisect upya juu ya zile 63. Kihesabu ni maswali sita. Yalikuwa manane, na sababu yake inatia aibu: komiti 11 hazikuwa hata zinajengeka. Zilikuwa komiti za "niokoe tu nikale". Bisect ina njia ya kuvuka mashimo hayo, skripti ikirudisha namba 125 inaelewa kwamba hapa hapapimiki, sogea pembeni. Lakini kila shimo lina gharama yake, na kwa dakika kadhaa nilikaa nikitazama mashine ikirukaruka juu ya uzembe wangu.

Ya nane ikasimama kwenye komiti iliyoitwa "safisha". Mistari minne.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo edita, programu tunayoandikia kodi, inapoingia. Tulikuwa na fanksheni (kipande cha kodi chenye kazi moja) iliyoitwa "leo", inayopokea kigezo kimoja, ukanda wa saa wa mteja, na kurudisha tarehe ya huko. Katikati ya ukarabati mwenzangu alikuwa amekitoa kiini cha fanksheni hiyo ili kukihamishia moduli nyingine, na kwa muda akaweka mstari mmoja wa kushikilia nafasi, unaorudisha tarehe ya seva. Jambo la kawaida kabisa. Ila kuanzia hapo, ndani ya fanksheni, hakuna kilichokuwa kikitumia ukanda. Edita ikalififisha neno hilo rangi ya kijivu: kigezo hakitumiki. Nilipopita hapo kesho yake nikaona kijivu, nikabonyeza pendekezo la kukiondoa. Edita ikakiondoa kwenye fanksheni na kwenye sehemu tatu zilizokuwa zikiiita. Mistari minne, sekunde moja. Kiini kiliporudishwa hakikuwa na mahali pa kupokea ukanda, na aliyekirudisha (tulikuwa wawili, hatukumbuki nani) akakirekebisha kilingane na kile kilichokuwepo.

Edita haikusema uongo. Kigezo kweli kilikuwa hakitumiki, kwa mchana huo mmoja.

Nikaendesha amri ya blame, ambayo jina lake lenyewe ni lawama na huonyesha nani aliandika kila mstari, juu ya ile alama ya kuruka testi. Jina langu.

Kikao cha Ijumaa

Retro yetu, kikao cha kutazama nyuma kazi ilivyokwenda, ilianza kwa kiongozi wa timu kusoma lile agizo la mwandishi Norman Kerth la mwaka 2001, kwamba lolote tutakalogundua, tunaamini kila mtu alifanya vizuri kadiri alivyoweza kwa aliyoyajua wakati ule. Naliheshimu agizo hilo. Bila hilo nisingesimama na kusema testi niliizima mimi. Lakini nimekaa kwenye retro nyingi ambapo linageuzwa mto wa kulalia: kila mtu alijitahidi, basi yaishe.

Ndivyo ilivyokuwa ikielekea. Kadi za kwanza ubaoni: "tuongeze testi", "ukaguzi uwe makini", "mawasiliano". Testi ilikuwepo. Ukaguzi wa mafaili 214 hauwi makini hata ukiamriwa. Na mawasiliano ni neno tunalolibandika pale tunapokosa la kusema.

Mzee wetu wa hifadhidata, ambaye kwa kawaida retro nzima huwa kimya, akauliza: "Samahani vijana. Kwenye ubao huu, siku hizo 41 zilikuwa kadi ipi?"

Kiongozi akaonyesha zile tatu. Zote kwenye safu ya "imekwisha".

"Ya kwanza ilikwisha lini?"

Akataja tarehe.

"Na mteja aliipata lini?"

Akataja tarehe nyingine, wiki nne mbele. Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi kimya chake. Kikao kingine chote kilikuwa juu ya wiki hizo nne.

Watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001 na kuandika ilani ya agile waliweka kati ya kanuni zao 12 kwamba kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Pointi hazimo kwenye ilani. Hazimo pia kwenye mwongozo wa Skramu, ingawa ukiwauliza watu wengi watakuapia zimo. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17, ameshaandika kwamba huenda ndiye aliyezibuni, na kama ni yeye basi anajuta. Mimi sioni haja ya kwenda mbali hivyo. Pointi zilitusaidia kubishana juu ya ukubwa wa kazi kabla ya kuianza, na ubishi huo una faida. Balaa lilianza siku namba ilipopanda ukutani. Namba ikishakuwa ukutani itapanda, na watu wema kabisa watatafuta namna ya kuipandisha bila kujua kwamba wanatafuta. Kukata kadi vipande vitatu hakukuwa hila. Tuliona tunafuata ushauri: kadi kubwa ikatwe. Tuliikata kwa mapana, kila kipande kikiwa tabaka lisiloweza kusimama peke yake, badala ya kuikata ili kila kipande kifike kwa mteja.

Jumamosi

Kesho yake nilikuwa nimejiandikisha kwa Coderetreat, mafungo ya siku nzima ya waandika kodi. Nilitaka kughairi. Nilishahudhuria mikutano ya kutosha ya jamii za waandika programu, nimerudi na fulana, vibandiko vya laptopu na ari inayodumu hadi Jumanne. Sikuona kama siku ile nilihitaji fulana.

Mafungo haya yalianzia Marekani mwaka 2009, na Corey Haines ndiye aliyeyasambaza sana. Utaratibu ni wa kushangaza kidogo. Mnakaa wawili wawili. Tatizo ni lilelile siku nzima: Mchezo wa Maisha wa John Conway, uliochapishwa Oktoba 1970, dunia ya miraba ambapo seli hai yenye majirani hai wawili au watatu inaendelea kuishi, iliyokufa yenye majirani watatu kamili inafufuka, nyingine zote hufa au hubaki zimekufa. Mnaandika dakika 45. Kisha mnafuta kila kitu, mnabadilishana wenza, mnaanza upya. Hakuna anayemaliza, na hakuna anayetarajiwa kumaliza.

Raundi ya nne ilikuwa na sharti: kila dakika mbili saa inalia. Ikilia na testi zako ni kijani, unahifadhi komiti. Ikilia ukiwa nyekundu, unafuta ulichoandika tangu komiti ya mwisho. Mwenza wangu alikuwa mama wa makamo aliyeniambia ameandika kodi tangu enzi ambazo kuisubiri ijengwe kulitosha kumaliza chai. Nikashika kibodi kwanza. Nikaanza na gridi, safu na nguzo zake, maana nilijua tutazihitaji. Saa ikalia. Futa. Nikaanza tena gridi, mbiombio zaidi. Saa ikalia. Futa. Mara ya tatu mikono ilikuwa inatetemeka, na gridi haikuwepo.

"Mwanangu," akasema, "unataka dunia nzima kabla ya seli moja. Nipe."

Akaandika testi: seli hai isiyo na jirani hufa. Akaandika fanksheni inayorudisha "imekufa" bila kuuliza chochote. Kijani. Akahifadhi. Sekunde 50.

"Mama, hiyo si kodi. Huo ni utani."

"Utani wa kijani, na umehifadhiwa." Akanirudishia kibodi. "Sasa ivunje kwa testi ya pili."

Tulifika raundi inaisha tukiwa na komiti 14, kanuni zote za seli zikiwa zimekamilika, na gridi bado haikuwepo wala hatukuwa tumeihitaji. Saa ililia tukiwa wekundu mara tatu. Kila mara nilihisi uchungu uleule tumboni, kisha nikagundua kwamba kuandika upya kulichukua muda mfupi kuliko ule uchungu. Akaniuliza, kwa upole tu, kazini nikikosea huwa napoteza muda gani. Nikamwambia siku 41. Alidhani natania.

Sidhani kwamba wazo hili lilikuwa geni kwangu. Nilishasoma juu ya hatua ndogo mara kumi. Mwaka 2018 mwandika programu Kent Beck aliutangaza utaratibu mkali wa aina hiyohiyo, testi zikipita hifadhi, zikifeli futa, nikausoma na kusema safi sana, nikarudi kwenye tawi langu refu. Kusikia wazo jukwaani kunakupa maneno ya kulisimulia. Raundi ile iliniweka mahali ambapo kodi yangu ilifutwa mara tatu mbele ya mtu ninayemheshimu na hakuna kilichoharibika. Tangu hapo, nikitafuta mkutano wa kwenda, natazama kama nitashika kibodi. Kama ni viti na projekta tu, nabaki nyumbani nikilala.

Tulichobadilisha, na kilichogoma

Testi ya tarehe ilirudi siku hiyohiyo tuliyoigundua. Sasa haiulizi saa ya mashine; inapewa saa, na ile inayopewa ni saa nne na nusu usiku UTC tarehe 31. Inafeli mchana kweupe kama kuna cha kufelia. Alama ya kuruka testi bado tunaruhusu, ila haipiti bila sababu na tarehe ya kuondolewa, na tarehe ikipita jengo zima linakuwa jekundu. Mwanzo watu waliweka tarehe za mwaka mzima mbele. Sasa mwisho ni wiki mbili.

Tawi haliishi zaidi ya siku mbili. Hili ndilo lililoleta kelele. Kiongozi aliogopa kodi nusu kufika laivu, nasi tukajibu kwa swichi: kipengele kisichokamilika kinaunganishwa kikiwa kimezimwa. Mzee wa hifadhidata alipinga kwa hoja nzito zaidi, kwamba mabadiliko ya muundo wa jedwali hayana swichi, ukishaondoa safu imeondoka. Alikuwa sahihi. Kwa mambo hayo tunakwenda hatua tatu kwa siku tofauti: ongeza safu mpya, hamisha data na wasomaji, kisha ondoa ya zamani. Ni polepole, na yeye ndiye anayeikagua kila moja.

Dakika 47 za testi zimekuwa 9. Hapakuwa na uchawi: theluthi moja ya testi zilikuwa zinalala sekunde chache zikisubiri kitu ambacho kingeweza kupewa mkononi.

Kuandika wawili wawili siku nzima tulijaribu wiki tatu, tukaacha. Watu walichoka, na wawili kati yetu waligombana kweli. Sasa tunakaa wawili kwenye kodi ya fedha tu.

Chati ya pointi ilishushwa. Mahali pake kuna namba moja: siku ambazo kadi inachukua tangu ianzwe hadi imfikie mteja. Nayo ina hila zake. Nimeshaona kadi ambayo kazi yake ilianza Jumatatu ikisogezwa "inaendelea" Alhamisi.

Je, siku mbili za tawi zingeizuia hitilafu ile? Nimelifikiria sana. Komiti ya "safisha" ingefika peke yake kwa mkaguzi, mistari minne, na naamini angeuliza mbona ukanda umeondoka. Kama angeipitisha, testi ingefeli usiku kwenye tawi kuu, mbele ya watu sita, na si mbele yangu pekee. Pengine mmoja wao angeiruka vilevile. Lakini asingeweza kuiruka kimya, na bisect ingetuletea mistari minne badala ya mafaili 214.

Lile jambo ambalo hatujalitatua ni swichi. Kila kipengele kinazaliwa na swichi yake, na baada ya kuwashwa laivu inatakiwa kuondolewa kwenye kodi. Jana nimezihesabu: 17. Tano zimewashwa kwa wateja wote tangu miezi iliyopita na hakuna aliyeziondoa. Moja haijulikani inawasha nini. Nikaipitishia blame, na nimeshafungua kadi kwa jina langu.